Vinasaba vinaonyesha nini ambacho sensa ya wanyama haiwezi kukionyesha?

Muulizaji: Ndugu zangu, nasoma mara kwa mara kwamba idadi ya wanyama peke yake haitoshi kueleza kama kundi liko salama. Je, uchunguzi wa vinasaba unaongeza nini hasa, na umewahi kubadilisha uamuzi wa wahifadhi?

Mchangiaji wa kwanza: Umewahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, puma (paka wakubwa wa porini) wa Florida, Marekani, walikuwa wamebaki kati ya 20 na 30, wakizaana ndugu kwa ndugu, na madhara yalionekana mwilini: mikia iliyopinda, mioyo yenye kasoro, na madume ambao korodani zao hazikushuka. Ulinzi, hata ungekuwa mkali kiasi gani, usingeondoa kasoro iliyokwisha kurithiwa. Mwaka 1995 waliletwa puma majike 8 kutoka Texas ili kuongeza vinasaba vipya. Watano walizaa, watoto wao wakawa na afya bora, na baada ya miaka kadhaa puma hao walizidi 100.

Mchangiaji wa pili: Naongeza mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, Msumbiji, ambao naona unajibu swali lako moja kwa moja. Katika vita vya 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe hadi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90, na majike waliozaliwa bila pembe ndio waliosalimika zaidi, wakairithisha sifa hiyo kwa mabinti wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha sifa hiyo na kromosomu ya X (moja ya zile zinazoamua jinsia), na ukaonyesha dalili kwamba dume anayeirithi hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo jike asiye na pembe huenda akapoteza karibu nusu ya watoto wake wa kiume, hasara ambayo anayehesabu tembo waliosimama mbele yake hawezi kuiona. Hayo ni mageuzi yaliyotokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na chanzo chake ni bunduki.

Muulizaji: Nashukuru sana. Je, ni lazima mnyama akamatwe ili apimwe?

Mchangiaji wa kwanza: Si lazima. Kinyesi cha tembo hubeba seli za utumbo wake, nazo hutosha kumtambua tembo mmoja mmoja. Sampuli za aina hiyo zimetumika kuchora ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika, na shehena ya pembe inapokamatwa bandarini, vinasaba vyake hulinganishwa na ramani hiyo ili kujua tembo hao waliuawa eneo gani.