Kwiki kapla kwenye kijiko cha tani 20, inalipa au natafuta balaa?

BabaTipa (Dar)

Wakuu habari za majukumu. Nina kijiko (ekskaveta), Komatsu PC200, nakikodisha hapa Dar na kidogo Pwani. Kazi zangu nyingi ni kuvunja nyumba za zamani alafu palepale nasafisha kiwanja na kuchimba msingi, maana Ilala na Kariakoo saivi mtu akinunua nyumba ujue kanunua kiwanja, nyumba yenyewe ni kifusi tu kinachosubiri siku yake.

Sasa kinachonitesa ni hiki, asubuhi tunafunga breka, ile nyundo ya haidroliki, tunapasua zege, mchana mteja anataka kifusi kipakiwe kwahiyo breka itoke baketi iingie, jioni wanakumbuka kuna msingi wa zege ulibaki nyuma ya choo wanataka breka tena. Kila kubadilisha ni opereta na helpa na nyundo kubwa wanagonga pini, pini imeganda, ikitoka ya pili haiingii matundu hayalingani, opereta anatingisha amu (mkono wa mashine) taratibu huku helpa anaingiza kidole kupima kama tundu limekaa sawa. Hicho kidole ndio kinaninyima usingizi kuliko hata muda. Na muda nao unaenda, tipa zimepanga foleni pale nje zinahesabu hela.

Kuna jamaa anaingiza kwiki kapla kutoka China, kile kifaa kinachokaa mwisho wa amu kinashika baketi au breka bila kugonga pini, anazo za aina mbili, moja unakaza kwa spana na nyingine ya haidroliki ina swichi kwenye kebini. Anasema ukifunga hiyo ya swichi opereta hashuki tena kwenye mashine. Naomba wenye uzoefu mniambie, ni kweli hashuki? Mashine haipungui nguvu? Na hizi stori za baketi kudondoka ni za kweli au za vijiweni?

---

Opereta254

Boss niaje. Hiyo ya baketi kuanguka si stori bana, ni kweli. Saiti moja huku Nairobi ilichomoka ikiwa juu, bahati hakukuwa na mtu chini. Nimeendesha mashine ziko na hiyo kitu miaka mingi na naipenda sana, lakini lazima uielewe inashika aje.

Iko na ndoano mbili. Ya mbele inashika pini ya kwanza ya baketi, hiyo unaiingiza wewe mwenyewe ukiwa umenyoosha amu, alafu unakunja baketi kuja kwako ndio pini ya pili ikae mahali pake, ukibonyeza swichi silinda inasukuma ile ndoano ya nyuma inafunga. Sasa shida iko hapa, unaeza funga ndoano ya nyuma kabla pini haijaingia, ama ile ya mbele haikushika poa, na ukiwa kebini unaona kila kitu iko sawa kabisa. Baketi inakubali kuinuka, inakunja, hata unaeza chimba nayo kidogo. Alafu ukiifungua yote ukiwa juu ya lori ndio inajitoa. Wengi wameumia hivyo tu, opereta alikuwa na haraka.

So mimi nikishafunga, baketi iko chini karibu na ardhi na hakuna mtu karibu, nakunja mpaka mwisho, naikandamiza kwa ardhi, naivuta nyuma, naitingisha. Alafu NASHUKA naangalia pini na lock kwa macho. Huyo anakwambia opereta hashuki anakuuzia. Huwezi jua pini ya nyuma imekaa aje kutoka kwa kiti, unless mashine iko na kamera na sensa, na hizo za bei ya huruma hazina.

Kitu ingine uliza kama inafunga pini ZOTE mbili. Ziko zile za zamani zinafunga ya nyuma peke yake alafu wanakupa pini ya usalama unaichomeka na mkono. Hiyo pini inapotea wiki ya kwanza, mtu anaweka nondo, alafu hata nondo anaacha. Uingereza watu walikufa na hizo mpaka HSE, wale wa usalama kazini, wakatoa onyo. Chukua ile pini ya mbele pia iko na lock yake, ndio silinda ikikosa presha baketi ibaki ikining'inia badala ya kuanguka.

---

fundi_presha (Geita)

Opereta254 kasema vizuri upande wa kebini, mimi niongee upande wa mafuta maana hapo ndipo wenye mashine wanapigwa.

Mkuu BabaTipa, wewe breka ndio kazi yako. Kwiki kapla inakuondolea kugonga pini, HAIKUONDOLEI hozi (mipira ya mafuta). Breka ina hozi mbili, utashuka utazifungua kwa spana kama kawaida, zina presha, zina mafuta ya moto, na kila ukifungua vumbi la kifusi linatafuta njia ya kuingia kwenye mfumo. Nimefungua breka nikakuta pistoni imechanika kama imepigwa msasa, mwenye mashine analalamika breka ni feki kumbe hozi hua zinalazwa kwenye udongo bila kofia. Nunua kofia za kuzibia, ncha nne kofia nne, mbili za hozi na mbili za upande wa mashine, na uzime mashine utoe presha kwanza kwa kuchezesha pedali ya breka injini ikiwa imezimwa swichi ikiwa oni. Ukitaka raha zaidi weka kapla bapa za haidroliki kwenye hozi, zile za kusukuma zinajifunga zenyewe, ila ziwe za mtiririko mkubwa, breka ya mashine ya tani 20 inakunywa lita 120 mpaka 180 kwa dakika, ukiweka kapla ndogo mafuta yanachemka na breka inapiga kama ina homa.

Nguvu: ndio inapungua, ila sio ya kukukimbiza. Kapla inakaa katikati ya amu na baketi kwahiyo meno yanaenda mbali zaidi na pini ya amu, mkono umekua mrefu, nguvu ya kuchimbua inashuka. Tena kapla yenyewe ya saizi hiyo ni kilo 200 na zaidi, hizo kilo unazitoa kwenye uwezo wa kunyanyua. Kwenye kifusi hutaona. Kwenye mfinyanzi mgumu au kokoto ya huku kwetu utaona. Na breka ya saizi yako inafika tani moja na nusu, ukijumlisha kapla mashine ikiwa imenyoosha mkono pembeni juu ya lundo la kifusi uwe na adabu.

Alafu swala la mtetemo. Breka inatingisha kila kitu, kapla ya chuma dhaifu baada ya muda ndoano inalika, pini inaanza kucheza, ukisikia ngo ngo ngo kila ukigeuza baketi ujue tayari. Usichomelee ndoano iliyolika kienyeji, chuma chake kimetiwa moto kiwandani, ukikichoma hovyo kinapasuka siku usiyoijua.

Kwenye silinda ya kapla hakikisha kuna chekivalvu. Hiyo ndio inayoshika presha hozi ikipasuka. Bila chekivalvu mimi siifungi hata unilipe mara mbili.

---

kobe_mbio

Nunua kijiko kidogo cha pili, kimoja kivunje kingine kipakie. Mnahangaika na makapla.

---

BabaTipa

kobe_mbio mkuu na wewe uje unikopeshe 😂

---

Mbongo_Norrland (Sweden)

Nipo huku kaskazini ya Sweden kwenye kampuni ya kubomoa na kuchimba, naona watu wanaongelea kapla kama kitu kipya, huku mashine bila kapla hata huioni, ni sawa na lori lisilo na kioo. Ila kilichonishangaza nilipofika sio kapla yenyewe, ni kwamba wameelewana saizi. Wana mtindo wa S, S45, S60, S70, S80, ile namba ni unene wa pini kwa milimita, na umbali kati ya pini na upana vyote vimepangwa. Mashine ya tani 20 hua ni S60 au S70. Kwahiyo baketi ya kampuni hii inaingia kwenye mashine ya kampuni ile, hakuna kupima wala kuchomelea. Kapla inakamata pini zake yenyewe zilizo kwenye baketi, sio pini za mashine.

Na kwenye ubomoaji tunatumia zile zinazounganisha mafuta humohumo, OilQuick ya Hudiksvall ndio maarufu. Opereta anaweka breka chini anachukua mkasi wa kukata nondo, anaacha anachukua makucha ya kuchambua mbao na chuma, hozi hagusi kabisa. Hapo ndio lile neno la opereta hashuki linakua la kweli, na hata hapo utaratibu ni kuikandamiza chini kujaribu kila unapobadilisha. Kwa siku anabadilisha mpaka unapoteza hesabu, kwa sababu huku kifusi lazima kitenganishwe, zege peke yake, mbao peke yake, chuma peke yake. Hapo inalipa haraka.

Lakini mkuu BabaTipa sikushauri. Bei yake ni kali, na kila kifaa ulichonacho inabidi kifungwe sahani yake nacho ndio kiingie. Wewe una breka moja na baketi mbili nadhani. Kapla ya kawaida inayofunga pini zote mbili inakutosha, na kama muuzaji anakuambia ina kiwango muulize kama imetengenezwa kwa kufuata ISO 13031, ilitoka 2016 kwa ajili ya hizi kapla. Akikuuliza "ISO gani tena" umeshapata jibu.

---

Opereta254

Aki huyo wa Sweden ametuonyesha maisha 😅 Nakumbuka 2018 wakibomoa Ukay Centre hapo Westlands, watu wamejaa wanatazama mashine, na nikawaza huku kwetu kuchambua nondo ni kazi ya vijana na nyundo baada ya mashine kuenda, hakuna haja ya kubadilisha vifaa kila saa. So BabaTipa hesabu yako ni ngapi kwa siku unabadilisha. Kama ni mara moja baki na nyundo yako, weka grisi kwa pini. Kama ni tatu kama ulivyoandika, funga.

Na huyo helpa wa kidole leo hii mpe fimbo ya mbao ama kipande cha bomba apime nayo, hiyo haingoji kapla.

---

BabaTipa

Kweli mkuu, kesho asubuhi anapewa fimbo. Nimeshawishika na ya haidroliki ya kufunga pini zote mbili. Swali moja la mwisho kwa fundi_presha, jamaa wa kapla ananiambia nimtajie tu ni PC200 atajua saizi. Nimwamini?

---

fundi_presha

Usimtajie mashine, mpe vipimo. Kijiko chako kimeshabadilishwa amu au bushi huko kilikotoka wewe hujui. Toa pini ya baketi pima unene wake, PC200 nyingi ni milimita 80 ila pima, na pima sehemu ambayo haijalika. Pima upana wa amu pale inapoingia kwenye masikio ya baketi, upana wa ile linki ya H pia (kile chuma kinachosukuma baketi ijikunje), alafu umbali kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya pili kwenye baketi. Vipimo hivyohivyo pima kwenye breka, hapa ndipo watu wanalia, breka nyingi zinafungiwa sahani ya mashine nyingine, pini ni 80 ileile lakini umbali haufanani na baketi. Kapla inaweza kuhama kidogo kufuata umbali, ina kiwango chake, muuzaji akupe namba ya chini na ya juu kwa maandishi. Breka ikitoka nje ya hapo itabidi sahani ya breka itengenezwe upya, na hiyo bei uijue kabla hujatoa hela ya kapla.

Na waya wa swichi usikubali swichi ya kubonyeza mara moja kama ya taa. Iwe ya kuvuta alafu kusukuma, na alamu ilie muda wote kapla ikiwa wazi. Opereta wako ataomba umzimie alamu inamsumbua. Usimzimie.