Wauza redio Kariakoo, kama hamjui habari za santuri semeni hamjui!

Wakuu, nina hasira leo.

Nimenunua risiva mpya (amplifaya yenye redio ndani) duka moja Kariakoo. Kabla sijatoa hela nikamuuliza kijana: nina pleya ya santuri nyumbani, hapa itakubali? "Mzee wangu, hii inapokea kila kitu." Akanionyesha matundu ya nyuma: HDMI, AUX nyekundu na nyeupe, juu yake na Bluetooth. Haya.

Nikachomeka kwenye AUX, nikaweka NUTA Jazz. Sauti iko mbali huko! Nikapandisha hadi karibu na mwisho: magitaa yanalia kama nyuki ndani ya kopo, besi hakuna, na chini yake mvumo nguuuu usiokatika.

Narudi dukani naambiwa, "Santuri zako zimechoka." Zimechoka vipi wakati kwenye amplifaya ya marehemu baba zinaimba safi, ila tu upande mmoja umekufa?

Sindano ya kawaida ya sumaku inatoa kama milivolti 3 hadi 5. AUX inataka mamia. Halafu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti kali zimeongezwa, kwa kipimo cha RIAA (chama cha kampuni za santuri Marekani) cha tangu 1954. Tundu la PHONO ndilo linalokuza sauti na kurudisha besi mahali pake. Amplifaya za zamani zilikuwa nalo, pamoja na skrubu ya kufungia ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye pleya. Hii mpya haina tundu wala skrubu, waya unaning'inia tu, ndiyo maana inavuma.

Eti fundi wao akataka kuifungua "aiongezee nguvu". Aongeze nguvu ipi? Si ataongeza na huo mvumo! Dawa yake ni priampu ya phono, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya pleya na AUX. Pale hawana, hawajawahi hata kukisikia. Kubadilisha mzigo hawataki, wananionyesha maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ikishauzwa kwa uongo je?

Mwenye kujua duka hapa Dar lenye priampu ya sindano za MM (hizo hizo za sumaku), iwe na skrubu ya ethi na adapta ya volti 230, ataje bei humu humu. Wale wa "hamia YouTube" piteni kimya kimya.