Riwaya ya kejeli kuhusu mwandishi Hollywood: mbona inasomeka kama malalamiko?

KalamuKavu: Wadau, naomba msaada wa ufundi. Mhusika mkuu anauza skripti yake Hollywood, inachakachuliwa hadi haitambuliki. Prodyuza ni mjinga mwenye makelele. Lakini badala ya kuchekesha, sura zote zinanung'unika tu. Nianze kurekebisha wapi?

WinoMweusi: Kwa huyo prodyuza. Mjinga hachekeshi kurasa 300. Mpe akili na adabu, kila pendekezo lake lisikike la maana likiwa peke yake: bibi apunguzwe umri, kijiji kiwe meli, msiba uwe harusi. Kichekesho kiko kwenye jumla. Halafu mwandishi wako akubali yote, maana malipo huja kwa awamu na nyingine hutoka akikabidhi rasimu. Mhusika asiye na aibu yoyote ya kuficha ni mlalamikaji tu.

BintiRasimu: Hapo sawa, ila utaratibu wenyewe wa kazi unachekesha kuliko utani wa kubuni. Skripti ikishafungwa kabla ya kushuti, namba za sini (matukio ya filamu) hazipangwi upya. Sini ya 37 ikikatwa, namba inabaki na neno "imeondolewa". Ikiongezwa mpya baada ya 14, inaitwa 14A. Kurasa za marekebisho nazo hutoka kwa rangi, kwa kawaida bluu, pinki, njano, kijani. Sasa mwache mwandishi wako apekue lundo hilo la rangi akitafuta sini ya yule bibi. Anakuta: 37, imeondolewa. Usiongeze hata sentensi moja ya huzuni hapo.

MzeeWaMikataba: Na vita vya nani atajwe kuwa mwandishi wa filamu je? Kwa kanuni za chama cha waandishi cha Marekani, alama "&" kati ya majina mawili maana yake waliandika pamoja; neno "and" (na) maana yake kila mmoja aliandika kivyake. Ukizuka mgogoro, wasuluhishi watatu husoma rasimu zisizo na majina: Mwandishi A, Mwandishi B. Kama skripti haikutokana na kitabu wala kazi nyingine, mwandishi anayekuja baadaye lazima awe amechangia 50% ndipo atajwe kwenye skripti. Hiyo ni sura nzima: mtu anapigania jina lake libaki kwenye filamu anayoichukia, kwa sababu malipo ya marudio (yanayotoka filamu ikitumika tena) hufuata jina.

KalamuKavu: Ya 37 naichukua. Msimulizi awe yeye mwenyewe?

WinoMweusi: Ndiyo, "mimi" mwanzo hadi mwisho, na asijue kama anachekesha. Akianza kujicheka mwenyewe, msomaji anakosa kazi.