Yule jamaa wa steshenari kanila laki na themanini halafu kaniita mjinga mbele za watu

Wakuu nimetoka huko sasa hivi, hata mtandio sijavua, mikono inatetemeka, mkiona nimekosea herufi mnivumilie. Yule jamaa wa steshenari, watu wa Kigoma mjini wote mnamjua, anayevaa koti la suti jua la saa nane, mwenye mashine ya fotokopi inayonguruma kama boti inatoka Kibirizi. Jina silitaji, hana haja ya kutajwa. Leo huyo mtu kanitazama machoni, mimi mama mzima nina mjukuu wa darasa la pili, akaniambia "mama, ujinga nao una leseni yake, na wewe ya kwako umeshalipia."

Umeshalipia! Na bodaboda watano wamekaa pale kwenye benchi wanasikia.

Nianze mwanzo. Nina kifremu changu Mwanga, nauza mawese na dagaa, na dagaa wengine nimeanza kuwafungasha kwenye pakti za nusu kilo. Nikasikia kuna ukaguzi unakuja, nikaogopa, nikasema ngoja nifuate sheria nisije nikafungiwa duka. Nikaenda kwake maana mlangoni kaandika TIN, LESENI, BRELA, VYETI VYOTE. Akanikalisha kwenye kiti kabisa. Akanitajia TIN, ile namba ya mlipakodi, elfu sitini, akasema jina la biashara ni lazima, akasema leseni yangu inatakiwa iwe ya kundi A kwa sababu dagaa wanatoka ziwani na ziwa ni la kimataifa, hiyo laki na ishirini. Nikaona mtu anajua mpaka habari za kimataifa huyu. Nikatoa. Hela ya kikoba ile jamani, si ya kuokota.

Baada ya wiki akanipa karatasi kaifanyia lamineshen, inang'aa, nikaitundika ukutani juu ya madumu. Jana nimeipeleka kwa binti mmoja anayefanya kazi za hayo mambo, kaigeuza mbele, kaigeuza nyuma, kaniambia mama hii ni fomu. Fomu tupu! Ya kuombea! Mtu kaprinti fomu ambayo haijajazwa hata namba ya simu, kaifunga plastiki, kanipa kama leseni!

Huyo binti ndo kanifungua macho. TIN ni bure, unahitaji namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na TRA, watu wa mapato, hawakutozi kuipata. Jina la biashara halilazimiki kama unafanya kwa jina lako mwenyewe. Na duka kama langu ni kundi B, linaombewa halmashauri, unajaza mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi, unapewa control namba unalipa kwa simu au benki, humpi mtu hela mkononi. Kundi A ndo la kuombea BRELA, wale wasajili wa biashara, nalo ni la watu wa kuagiza na kupeleka nje ya nchi, wa utalii, mambo makubwa huko.

Basi leo asubuhi nikarudi kwake kwa adabu kabisa, nimemwamkia, nikamwambia baba naomba hela yangu. Ndo akanitolea hilo neno. Ujinga una leseni yake! Halafu akacheka, halafu akaendelea kutoa fotokopi ya mtu mwingine kama mimi ni nzi nimetua pale. Laki na themanini sawa inauma, ila wakuu hilo neno mimi ntakufa nalo. Na mmoja wa wale bodaboda ndo huwa ananibebea madumu, kesho namtazamaje?

mtotowaujiji: Hahaha namjua huyo, koti la kaki. Mimi alinitengenezea barua ya kazi kaandika "yah: kuomba kasi". Pole mama lakini.

Mzee wa Gungu: Koti lake la bluu wewe, siyo kaki.

mtotowaujiji: Kaki shehe. Lilikuwa bluu zamani.

bandarini_01: Mama usikasirike ila leseni ina lamineshen umeona wapi? Umetundika fomu ukutani wiki nzima na hujaisoma hata mstari mmoja? 🤣

MamaMawese: Nimeisoma! Imeandikwa LESENI YA BIASHARA kwa juu herufi kubwa. Nilijuaje kama chini kuna "jina la mwombaji" na vidoti? Wewe ukipewa cheti unasoma vidoti?

Nuru wa Katubuka: Dada yangu pole sana. Hao vishoka wametumaliza. Kuhusu hizo pakti, usimpe mtu hela ya TBS pia, wale wa viwango, maana najua atakuwa keshakutajia. Mambo ya chakula yalitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS tangu 2019, na mjasiriamali mdogo anaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza anapewa barua ya utambulisho, ukienda nayo TBS ile alama ya ubora miaka mitatu ya mwanzo hulipii. Mimi karanga zangu zimepita hivyo hivyo.

MamaMawese: Alinitajia laki tatu!!! Laki tatu ya kitu cha bure na bado kaniita mjinga. Mungu anamwona.

KasuluDamu: Mnalia na steshenari nyie, mje mlie na mageti ya ushuru. Natoa mahindi Kasulu gunia nne, gunia NNE, haifiki hata nusu tani, na sheria inajulikana tangu 2017 mzigo chini ya tani moja haulipiwi ushuru wa mazao kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kuna geti moja njiani wananiambia hiyo sheria haijafika huku. Haijafika! Inakuja na baiskeli?

bandarini_01: Afadhali mahindi. Sisi wavuvi 2024 ziwa Tanganyika lilivyofungwa tusivue kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 tulikula nini? Leseni ninayo, mtumbwi ninao, nimekaa nao nchi kavu miezi mitatu nauangalia kama picha.

Mzee wa Gungu: Ila lilipofunguliwa migebuka ilikuwa minene, usiseme uongo.

bandarini_01: Minene kwako uliyekuwa unakula. Mimi nilikuwa na deni la nyavu.

KasuluDamu: Migebuka ya siku hizi yote midogo.

mtotowaujiji: Midogo kwa sababu mnainunulia Kasulu ishakauka. Njoo Ujiji jioni uone.

MamaMawese: Jamani tumetoka kwenye mada. Kaniambia ujinga una leseni yake. Mbele ya watu. Nataka mtu aniambie nafanyaje.

Nuru wa Katubuka: Umempa kwa simu au keshi? Kama kwa simu ujumbe wa muamala unao, chukua na hiyo fomu yake nenda nayo polisi, usirudi kwake peke yako.

MamaMawese: Kwa simu. Sijafuta hata moja.

KasuluDamu: Mama wewe si unauza mawese? Dumu la lita 20 sasa hivi shilingi ngapi?

Mzee wa Gungu: Na mie niwekee moja, ila yawe ya Mwandiga.