Je, mwandishi mmoja anaweza kuibeba tamthilia ya sehemu 52 peke yake?

Mwandishi wa Ntinda:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwandishi wa miswada ya televisheni hapa Kampala. Wiki iliyopita kampuni moja ya utayarishaji, ambayo sitaitaja, iliniletea mkataba wa tamthilia ya sehemu 52 za dakika 26, ziandikwe kwa miezi sita na mtu mmoja tu, yaani mimi. Nilipolalamika, mtayarishaji aliniambia kwamba Rod Serling wa Marekani aliandika mwenyewe sehemu 92 kati ya 156 za The Twilight Zone, kipindi chake cha televisheni cha hadithi za ajabu, na kwamba anayeogopa wingi hajawa mwandishi. Nilikosa la kumjibu.

Kazi ninayoijua mimi haiendi hivyo. Mwezi wa Novemba tulikuwa tukirekodi katika nyumba ya kukodi huko Najjera, mvua ikashuka juu ya mabati, na fundi wa sauti akavua vifaa vyake vya masikioni akaniangalia bila kusema neno. Kurasa nne za majibizano kati ya mama mkwe na mkamwana wake zilikuwa hazisikiki tena. Nikaketi jikoni juu ya kreti ya soda nikayageuza majibizano yote kuwa tendo: mkamwana anaosha sahani ileile mara tatu, na mama mkwe amesimama mlangoni akimtazama. Marekebisho hayo ya kurasa nne yalinichukua dakika arobaini, wakati sasa natakiwa kutoa sehemu mbili nzima kila wiki, kunyeshe kusinyeshe.

Naomba anayeijua historia ya Serling anieleze aliwezaje, na kama mfano wake unanihusu hata kidogo.

Mzee wa Jinja:

Mwanangu, mtayarishaji wako amekupa hesabu ya kweli akaficha habari zake. Serling alizaliwa mwaka 1924 huko Syracuse, katika jimbo la New York, akapigana Ufilipino kama askari wa miavuli katika Vita vya Pili vya Dunia, akasoma chuo, kisha akaajiriwa kuandikia redio mjini Cincinnati. Miswada yake ya awali ilikataliwa mara nyingi mno, mmoja baada ya mwingine. Mchezo uliomtoa gizani, Patterns, ulirushwa moja kwa moja Januari 1955, na watazamaji waliupenda kiasi kwamba waigizaji waliitwa tena studio kuucheza upya mwezi uliofuata. Watu humtaja kana kwamba alizuka siku ile, ilhali huo ulikuwa mswada wake wa 72 wa televisheni. Kasi aliyokuwa nayo baadaye aliinunua kwa ile 71 ya mwanzo.

The Twilight Zone ilianza mwaka 1959, mwaka uleule tuliofunguliwa Jumba letu la Taifa la Michezo ya Kuigiza pale Kampala, ambako mimi nilikuja kujifunza kazi hii baadaye sana. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 36, na mkataba ulimtaka Serling aandike asilimia 80 ya miswada. Wingi huo, basi, ulikuwa deni la mkataba. Lakini yeye hakuwa kibarua wa mtu: kipindi kilitengenezwa na kampuni yake mwenyewe, Cayuga Productions, na aliyeamua mswada upi upite alikuwa yeye. Wewe unaombwa ubebe mzigo wa mwenye kampuni kwa ujira wa mwandishi.

Hilo la kumiliki alilitaka kwa sababu. Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi, na Serling akaandika mchezo uliotokana na kisa hicho. Wadhamini wakaingiwa na hofu. Mchezo uliporushwa mwaka 1956, aliyeuawa alikuwa amegeuzwa mgeni asiyejulikana atokako, na mji wenyewe umehamishiwa kaskazini, New England. Baada ya hapo aliona heri kuyasema mambo hayo kwa njia ya viumbe wa sayari nyingine, ambao hakuna mdhamini aliyewaogopa. Sisi tulioandika michezo ya jukwaani katika miaka ya sabini tunaielewa njia hiyo bila kufafanuliwa.

Mhariri wa Miswada, Mbarara:

Ninakubaliana na Mzee, ila naomba niongeze jambo la ufundi, kwa kuwa mwenzetu ameuliza aliwezaje.

Serling hakuwa akiandika kwa mkono. Alikuwa akiyatamka maneno ya wahusika mbele ya mashine ya kunasa sauti, mara nyingi akiwa kando ya bwawa la kuogelea nyumbani kwake, na katibu akayapiga chapa. Faida yake ni kwamba sentensi isiyotamkika haifiki kwenye karatasi. Hasara yake nayo inasikika: wahusika wengi wanatoa hotuba ndefu, na mtoza ushuru anaongea kama profesa, kwa sababu wote wametoka katika koo moja. Mimi binafsi nampenda, lakini sehemu zake tatu mfululizo zinanichosha.

Tena, kila sehemu ya The Twilight Zone ilikuwa hadithi inayojitegemea. Mhusika akifa Ijumaa, wiki inayofuata hakuna wa kumlilia. Tamthilia yako ya mama mkwe na mkamwana haiendi hivyo: jambo ulilolisema katika sehemu ya 6 litakudai katika sehemu ya 41, na asiyekuwa na daftari la wahusika ataumbuliwa na watazamaji wa Masaka kabla hajaumbuliwa na mtayarishaji. Hata Serling, aliyekuwa huru na kamba hiyo, aliwaita Charles Beaumont na Richard Matheson wamsaidie.

Kama mtayarishaji wako anataka mfano unaofanana na kazi yako, afadhali amtaje David E. Kelley, aliyekuwa wakili huko Boston kabla ya kuingia katika tamthilia ya mawakili, L.A. Law, mwaka 1986. Huyo kweli alijulikana kwa kuandika mwenyewe sehemu nyingi za hadithi zinazoendelea, tena kwa kalamu, kwenye karatasi za manjano za mawakili. Mwaka 1999 tamthilia zake mbili, The Practice na Ally McBeal, zilitwaa tuzo kuu mbili za Emmy, zile za televisheni ya Marekani, usiku mmoja. Hata hivyo, naye hakuna mtu aliyekuwa akimtuma kukaa juu ya kreti ya soda.

Wakili wa Nakasero:

Dada, wote wameongelea miezi sita, nami nina wasiwasi zaidi na miaka itakayofuata. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inasema kwamba kazi iliyotungwa katika ajira, au kwa kuagizwa na mtu mwingine, hakimiliki yake ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Maana yake ni kwamba mkataba ukinyamaza, umenyamaza kwa faida yao. Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi ni jambo jingine, na hiyo usikubali iguswe. Tazama pia kama kuna kifungu cha marudio na cha mauzo ya nje, kwa maana tamthilia inayorushwa Kampala leo inaweza kuuzwa Nairobi au Dar es Salaam kesho bila wewe kupata hata senti.

Serling mwenyewe, aliyekuwa mwenye kampuni, aliiuzia CBS, televisheni ya Marekani iliyokuwa ikikirusha kipindi, fungu lake la The Twilight Zone baada ya kipindi kufungwa mwaka 1964. Marudio yake yanaonyeshwa mpaka leo. Yeye alifariki mwaka 1975, akiwa na miaka 50, baada ya upasuaji wa moyo.

Mwandishi wa Ntinda:

Nawashukuru nyote. Mzee, nimemtumia mtayarishaji habari za Cayuga Productions, naye amejibu kwa neno moja: "Sawa." Niliomba sehemu 26 badala ya 52, au mwandishi wa pili. Wamekubali mwandishi wa pili, ila wanataka alipwe kutoka katika fungu langu, na kuhusu marudio mkataba hausemi kitu, kama Wakili alivyohofia. Sijatia saini.

Jana usiku umeme ulikatika, nikajaribu kutamka sehemu ya kwanza kwenye simu yangu gizani. Nilipoisikiliza asubuhi, mama mkwe alikuwa anaongea kama mimi kabisa, na mkamwana vilevile. Mhariri, naomba unitumie ule mpangilio wako wa daftari la wahusika.

Mhariri wa Miswada, Mbarara:

Nimekutumia. Anza na ukurasa wa mama mkwe, uandike maneno matano ambayo hawezi kuyatamka kamwe.