Mdogo wangu ana sonona: je, tiba ya huruma si kumdekeza?

Dada wa Umoja
Hamjambo wenzangu. Tangu apunguzwe kazi mwaka jana, mdogo wangu hushinda kitandani hadi adhuhuri, usiku hapati usingizi, na hata mechi za Gor Mahia, ambazo zamani alizifuata hadi uwanja wa Nyayo kukiwa na mvua, hazimgusi tena. Ukimsemesha, hujibu kwamba yeye ni mzigo na kwamba mwanamume mwenye akili hangekubali kulishwa na dada yake. Daktari alimuuliza maswali tisa, akasema ana sonona ya kiwango cha wastani, kisha akapendekeza ushauri nasaha wa njia inayoitwa tiba ya huruma. Mama yetu kule Siaya anaona tunamdekeza. Naomba kueleweshwa: maneno ya upole yatamsaidiaje mtu ambaye tayari anajihurumia kupita kiasi?

Mshauri, Ngara
Poleni, dada. Kwa maelezo yako, mdogo wako hajihurumii hata kidogo, anajishtaki. Anayejiita mzigo amekwisha kujisomea mashtaka, kujihukumu na kujifunga, na anaamka kesho yake kuirudia kesi ile ile.

Sonona haipimwi kwa machozi. Tunaangalia iwapo huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda mtu, kumedumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ulaji, nguvu na umakini, na fikra za kujiona hana thamani au za kutamani kufa. Hayo ndiyo yanayopimwa na yale maswali 9.

Tiba uliyoitaja iliasisiwa na mwanasaikolojia Mwingereza, Paul Gilbert. Aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliweza kuzipinga fikra zao mbaya kwa hoja safi kabisa, lakini walijijibu kwa sauti ile ile ya kukaripia, na nafuu haikuja. Anaeleza kwamba hisia zetu huendeshwa na mifumo 3: wa kutukinga na hatari, wa kutusukuma kutafuta riziki na mafanikio, na wa kututuliza tunapojiona tuko salama na tunapendwa. Aliyepoteza kazi huweza kukuta ule wa pili umezimika na ule wa kwanza haulali, kwa sababu mwili hushtushwa na karipio analojipa mtu mwenyewe karibu sawa na karipio la bosi. Mfumo wa tatu ndio tunaoufanyia mazoezi. Kikaoni ataketi wima, nyayo zikiwa sakafuni, apumue polepole kwa mdundo mmoja; baadaye tutamwuliza ile sauti ya karipio ilianzia wapi na inaogopa nini. Kisha atapewa jambo dogo la kutenda, kama vile kuoga kabla ya saa tatu asubuhi au kumpigia simu mfanyakazi mwenzake wa zamani. Huruma tunayoifundisha ni kuyakabili mateso na kufanya jambo la kuyapunguza, na sioni udekezaji wowote hapo. Tena msishangae akilia au akikasirika mwanzoni. Waliolelewa kwa ukali mara nyingi huuogopa upole, wakidhani wakiacha kujichapa watakuwa wavivu.

Mkazi wa Kahawa West
Nimepitia tiba hiyo. Mshauri alinitaka niandike maneno ninayojiambia saa tisa usiku, halafu niyasome kwa sauti mbele ya kiti kitupu nikimwazia mpwa wangu ameketi pale. Sikuufikia mstari wa tatu. Baadaye nilijiandikia barua kama ambavyo ningemwandikia yeye, na ilikuwa barua ya kawaida mno: "Najua umechoka. Kesho tupeleke nguo kwa mama fua, mengine tutayaona." Nilimeza dawa pia, na zilichukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo akiandikiwa, asiziache kwa haraka.

Muuguzi mstaafu, Eastleigh
Ninaunga mkono, ila msisahau mwili. Aulize kuhusu vipimo vya upungufu wa damu na vya tezi ya thairodi, kwa maana kasoro hizo huweza kufanana na sonona, na aulizwe waziwazi kuhusu pombe. Kabla ya kulipa, hakikisheni mshauri amesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwani hapa Nairobi vibao vya ushauri nasaha ni vingi kuliko washauri. Asiyemudu ada za kliniki za kibinafsi aulizie huduma katika hospitali za umma, ikiwemo Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo kando ya barabara ya Thika. Aibu ya lile lango ni ya majirani, si yenu.

Jambo kubwa zaidi: mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, na mpige 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haitozwi. Msiogope polisi pia: Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Dada wa Umoja
Asanteni sana. Nimemwuliza jioni hii. Amesema hajapanga lolote, lakini asubuhi nyingine hutamani asingeamka. Nimeyatoa madawa yote kwenye kabati, binamu yetu atalala naye chumba kimoja, na kesho tunarudi kwa daktari. Mama amekubali kuzungumza na mshauri kwa simu, ila amesema kwanza atamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kulea.