Barabara, kura au kikao cha bajeti: kiongozi anabanwa wapi?

Wadau, najua swali hili litaniletea matusi, lakini acha niulize.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kutuongezea kodi. Tarehe 25 wakafika hadi ndani ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi, na Julai akawafuta karibu mawaziri wake wote. Tulilipa kwa damu: tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu waliokufa wasiopungua 60.

Desemba ikafika. Bunge likapitisha sheria nyingine za ushuru, na ndani yake baadhi ya mapendekezo yaleyale ya Juni, sasa yamevalishwa koti jipya. Mawaziri kadhaa waliofutwa walikuwa wamesharudi ofisini. Barabarani? Kimya.

Kuna wanaotuambia tusubiri 2027. Sawa, ila kura ni siku moja katika miaka mitano. Kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010 kinaturuhusu kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliizungushia haki hiyo seng'enge: ngoja miezi 24 baada ya uchaguzi, tafuta kwanza uamuzi wa Mahakama Kuu, kisha kusanya sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa. Hata aliyeshindwa katika uchaguzi huo alikatazwa kuanzisha ombi! Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya masharti hayo. Bado hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Mimi nilikuwa mtu wa barabara. Kilichonigeuza ni kalvati.

Nilienda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti katika wadi yetu. Kiliitishwa Jumanne saa nne asubuhi, tangazo limebandikwa kwa chifu siku mbili tu kabla. Tulikuwa kama ishirini, nusu yetu wakingoja pesa za nauli. Nakala za makadirio zilikuwa mbili. Mama mmoja muuza sukuma wiki akaomba aonyeshwe kalvati iliyoandikwa "imekamilika", kwa sababu mtaro huo yeye huuvuka kwa ubao kila alfajiri. Ofisa akakohoa, akapekua karatasi, akakohoa tena. Miezi mitatu baadaye kalvati ikaletwa.

Rafiki yangu ananicheka. Anasema vikao hivyo ni vya kupiga muhuri jambo lililokwisha kuamuliwa, nami siwezi kumwambia amekosea kabisa. Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha sheria hiyo.

Hata hivyo nashikilia hapa: Juni tulizuia mswada kwa sababu maelfu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Desemba tulikuwa tumechoka, waliousoma wakawa wachache.

Sasa nijibuni bila siasa za vyama. Wadi yako ikiitisha kikao Jumanne saa nne na wewe una kibarua, utaenda? Na usipoenda, umemtuma nani?